Maswali ya Wasomaji: Mbona Nebula Yangu Imekuwa Nyeupe Katikati?

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wapiga picha za anga wanaotumia kamera za kawaida, lenzi za milimita 135 hadi 300 na kompyuta isiyo na makuu. Karibu wote wana kilio kimoja: picha zimeshapigwa, usingizi umeshatolewa kafara, lakini rangi hazitoki, au zinatoka vibaya. Programu tunazozitaja hapa, yaani Siril, GIMP, StarNet na GraXpert, zinapatikana bure.

Nebula ni wingu la gesi na vumbi angani. Maneno mengine matatu tutayarudia sana. Kupandanisha ni kuziweka fremu nyingi juu kwa juu na kuchukua wastani wake. Kuvuta ni kuinua mwanga hafifu ili uonekane. Chenga ni zile punje ambazo kila mtu aliyewahi kuangalia televisheni ya antena anazijua.

*Ndugu mhariri, nimepiga Nebula ya Orion kwa DSLR isiyobadilishwa chochote, lenzi ya mm 200, fremu 60 za dakika mbili mbili. Katikati pamekuwa doa jeupe, na pembeni rangi ni ya waridi, si ile nyekundu ninayoiona kwenye picha za wengine. Nimekosea wapi? — Msomaji, Dodoma*

Hayo ni mambo mawili, na kila moja lina chanzo chake.

Tuanze na doa. Moyo wa nebula hii, M42, pale zilipo nyota nne za Trapezium, unang'aa mara nyingi kupita mbawa zake za nje. Kwa dakika mbili pikseli za moyoni hujaa pomoni. Pikseli zikijaa, nyekundu, kijani na buluu zote husimama kwenye kikomo kimoja, na rangi tatu zikilingana hutoa nyeupe. Rangi ambayo haikurekodiwa hairudishwi na programu yoyote. Kwa hiyo hakiki kwanza: fungua fremu moja mbichi, weka kishale katikati ya moyo, usome namba. Kwa kamera ya biti 14 kikomo kiko karibu na 16,000. Ukikuta 9,000 au 10,000, moyo ulikuwa mzima na umeungua wakati wa kuvuta. Rudia kuvuta kwa hatua ndogo ndogo. Ukikuta namba imegota juu, unahitaji fremu fupi.

Usiku mwingine wenye anga safi piga makundi mawili zaidi kwa ISO ileile: fremu 30 za sekunde 20 na fremu 30 za sekunde 4. Katika zile za sekunde 4 pasiwe na kilichogota isipokuwa nyota zenyewe. Pandanisha kila kundi peke yake, ila makundi yote matatu yapangwe kwa kufuata fremu moja ya rejea ili yakae sawia pikseli kwa pikseli. Sawazisha rangi ya kila moja, livute, kisha uyapeleke GIMP kama matabaka, refu chini na fupi juu yake. Tabaka la juu liwekee maski, na ndani ya maski ubandike nakala ya kijivu ya picha ndefu. Palipo peupe kwenye maski tabaka la juu huonekana, palipo peusi hufichika. Kwa kuwa moyo ndio mweupe, picha fupi itajitokeza hapo tu. Malizia kwa kulainisha maski kwa ukungu wa Gaussian wa pikseli 30 hadi 50.

Kinachowashinda wengi ni pete ya kijivu inayozuka kuzunguka moyo. Hutokea kwa sababu picha fupi ni nyeusi kuliko ndefu pale zinapokutana. Inua mwanga wa picha fupi polepole, ukiutazama mpaka huo kwa ukubwa wa asilimia 100, hadi pete imezwe.

Sasa waridi. Nyekundu ya nebula inatoka kwenye haidrojeni, katika nanomita 656.3, na kioo cha filta kilichobandikwa mbele ya kihisi cha kamera ya kawaida hupitisha sehemu ndogo tu ya nuru hiyo, kwa kamera nyingi takriban robo. Haidrojeni hiyohiyo hutoa pia nuru ya buluu katika nanomita 486.1, na hiyo filta haiizuii. Nyekundu ikipunguzwa na buluu ikibaki, jicho hupata waridi. Kamera yako imesema kweli kwa kadiri ya kioo chake. Wanaopata nyekundu iliyokolea, karibu na damu ya mzee, wameiondoa filta hiyo au wanatumia filta nyembamba. Unaweza kukoleza nyekundu kwa asilimia 15 hadi 20, tano tano, lakini kupitia maski ya mwanga ili anga jeusi lisiguswe. Ukikoleza picha nzima, chenga nazo zinakolea, na anga linakuwa na madoadoa mekundu na kijani kama kanga iliyochuja.

*Mhariri, nipo Mombasa. Nikipiga Lagoon na Trifid, anga la upande wa mjini linakuwa la machungwa na kwingine kijani. Nikiondoa machungwa, nebula nayo inafifia. Nifuate utaratibu gani? — Msomaji, Mombasa*

Tungeombwa kujibu swali moja tu mwaka huu, tungechagua hili, kwa sababu rangi nyingi mbaya tunazotumiwa hapa hazitokani na kamera wala mji. Zinatokana na hatua kupinduliwa.

Taa za mji huongeza mwanga juu ya picha: kila pikseli inapata yake pamoja na ziada. Kitu kilichoongezwa huondolewa kwa kutoa. Giza la pembe za lenzi ni jambo jingine kabisa: lenzi inapunguza nuru ya pembeni kwa sehemu fulani, tuseme inabakiza asilimia 70, na kilichopunguzwa hivyo hurekebishwa kwa kugawanya. Kazi ya kugawanya ni ya flati, yaani picha za uso mweupe uliomulikwa sawasawa. Asiyepiga flati huiachia programu ya kusafisha anga iondoe yote mawili kwa kutoa, na hapo ndipo nebula inapoliwa. Kwa hiyo flati kwanza. Vuta fulana nyeupe mbele ya lenzi mpaka isiwe na makunyanzi, elekeza kamera kwenye anga la magharibi jua likishazama au kwenye kioo cheupe cha kompyuta, na bila kugusa fokasi wala kuzungusha kamera piga fremu 25 hadi 30 ambazo kilele cha histogramu, ule mchoro wa mwanga wa picha, kinakaa katikati. Ukiigusa fokasi, vivuli vya vumbi, vile viduara vinavyofanana na bangili, havitalingana na vya kwenye picha, na utaishia kuwa na bangili mbili badala ya sifuri.

Ukishapandanisha, kata kingo. Kingo zina fremu chache kuliko katikati, na programu ikizipima inadanganyika. Kisha safisha anga, picha ikiwa bado haijavutwa. Katika Siril, acha programu itawanye vipimio, yaani nukta za kupimia mwanga wa anga, halafu wewe mwenyewe ufute kila kilichoangukia nebula au nyota kubwa. Kwa eneo la Lagoon (M8) na Trifid (M20) kazi ni ngumu, kwa sababu nyuma yao pana Njia ya Maziwa na hakuna anga tupu la kweli. Usiweke vipimio 200. Weka 12 hadi 20 kwenye sehemu nyeusi kabisa na uchague umbo rahisi kuliko yote, la daraja la kwanza, ambalo ni sawa na ubao uliolazwa kwa mshazari. Umbo la daraja la nne lina uwezo wa kujikunja kufuata nebula, na likijikunja litaitoa. Kila mara tazama picha ya kilichoondolewa. Ikiwa ndani yake unaliona umbo la nebula yako, hata kwa mbali, rudi nyuma. GraXpert hufanya kazi hii vizuri pia, na sharti ni hilohilo.

Hapo tu ndipo unaposawazisha rangi, bado kabla ya kuvuta. Tumia njia ya fotometria: programu inatambua eneo la anga ulilopiga, inasoma rangi halisi za nyota zilizomo kutoka kwenye orodha ya nyota ya setilaiti ya Gaia, na inalinganisha na zako. Itakuuliza urefu wa fokasi na ukubwa wa pikseli. Ikishindwa kutambua eneo, mara nyingi umeandika namba isiyo sahihi, kwa mfano umeweka 320 ukidhani lenzi ya 200 inageuka kwenye kihisi kidogo. Haigeuki. Weka 200.

Kijani kina sababu yake. Katika kila pikseli nne za kihisi cha rangi, mbili ni za kijani, moja nyekundu, moja buluu, na zile za kijani ni nyepesi zaidi kupokea nuru. Picha mbichi isiyosawazishwa lazima iwe ya kijani, usishtuke. Fotometria itaondoa sehemu kubwa. Kikibaki kidogo, kuna zana ya kuondoa kijani, lakini iendee taratibu. Oksijeni ya nebula hung'aa katika nanomita 500.7, kwenye mpaka wa kijani na buluu, na rangi yake ya kweli ni ile ya maji ya bahari ya kina kifupi. Moyo wa M42 una rangi hiyo, na nebula ya Helix vilevile. Zana ikikazwa mno, inaigeuza buluu tupu.

Baada ya hapo, vuta. Njia ya asinh hutunza rangi za nyota kuliko njia ya kawaida ya histogramu, inayozifanya zote nyeupe. Gawa kazi mara tatu au nne, na usikate upande mweusi: programu inaonyesha asilimia ya pikseli zilizopotea, nayo ibaki sifuri au karibu na sifuri. Kukoleza rangi kuje mwisho.

*Nikinoa picha, kila nyota inapata pete nyeusi, na ndani ya nebula panatokea kitu kama minyoo. Je, ni programu? — Msomaji, Kampala*

Pete ni za urejeshaji wa ukali, zile hesabu za Richardson-Lucy. Hesabu hizo zinadhani kila nyota ni nukta iliyotawanywa na lenzi na hewa kwa umbo moja, na zinajaribu kuirudisha. Nyota iliyojaa pomoni haina umbo hilo tena. Kilele chake kimekatwa kama mlima uliosawazishwa kwa greda. Hesabu inatafuta kilele isikipate, inachimba shimo pembeni. Tiba: fanya kazi hii kabla ya kuvuta, pima umbo la nyota kwa kutumia zile ambazo hazijajaa, na simama kwenye marudio 10 hadi 20. Pete zikibaki hata kwa marudio 10, iache hatua hii. Picha laini yenye nyota safi ni bora kuliko ile ya ukali wa bandia.

Minyoo ni chenga zilizolainishwa kisha zikanolewa. Ukilainisha kwa nguvu, punje zinaungana kuwa vipande virefu. Ukinoa, vipande vinapata kingo, na jicho linaviona kama nyuzi za gesi. Si gesi.

Njia tunayoipendekeza ni hii. Vuta picha, tenganisha nyota kwa StarNet, ubaki na faili la nebula peke yake na faili la nyota peke yake. Kagua la nebula: StarNet wakati mwingine huchukua mafundo madogo ya gesi ikidhani ni nyota, hasa kwenye moyo wa M42. Kisha tumia mawimbi madogo, ambayo huigawa picha kwa ukubwa wa vitu. Tabaka la pikseli 1 karibu lote ni chenga. Liache au lipunguze. Matabaka ya pikseli 2, 4 na 8 ndimo vilimo vijito vya vumbi na mapindo ya gesi. Yaongeze kidogo kidogo, kwa maski inayoruhusu sehemu angavu tu. Nyota zirudishe mwishoni, zikiwa zimevutwa kwa kiasi kidogo kuliko nebula.

Ujue pia kikomo cha vifaa vyako. Zidisha 206.265 kwa ukubwa wa pikseli katika mikromita, ugawanye kwa urefu wa fokasi katika milimita. Pikseli ya 4.3 na lenzi ya 200 zinatoa sekunde 4.4 za tao (kipimo cha pembe angani) kwa pikseli. Chochote kilicho chini ya pikseli mbili, yaani kama sekunde 9, hakimo kwenye data yako. Kikionekana baada ya kunoa, kimebuniwa. Na anayetaka kunoa zaidi bila minyoo aongeze fremu: chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya fremu, hivyo fremu mara nne zinazipunguza kwa nusu.

*Nina filta ya bendi mbili na kamera ya rangi. Nebula ya Carina inatoka nyekundu tupu. Napataje dhahabu na buluu kama za darubini ya Hubble, na je, huko si kudanganya? — Msomaji, Mtwara*

Mtwara umebahatika. Carina hupanda hadi nyuzi 40 hivi kusini, na katikati ya Aprili inafika juu kabisa kati ya saa tatu na saa nne usiku, wakati mwafaka wa kupiga.

Filta yako inapitisha haidrojeni kwenye 656 na oksijeni kwenye 501. Haidrojeni inaangukia pikseli nyekundu. Oksijeni inagawanywa kati ya kijani na buluu. Ukiifungua kama picha ya kawaida, nyekundu inaimeza oksijeni kwa kuwa ina nguvu mno. Zitenganishe. Siril ina skripti inayotoa faili mbili za kijivu, moja ya kila gesi. Safisha anga la kila moja peke yake, vuta kila moja peke yake, na hili ndilo la kuangalia: vuta oksijeni zaidi, mpaka anga lake na sehemu zake angavu zilingane na za haidrojeni. Italeta chenga nyingi. Ilainishe hiyo tu, maana undani mwingi utabebwa na haidrojeni.

Kisha changanya. Mchanganyiko wa kawaida ni haidrojeni kwenye nyekundu, oksijeni kwenye kijani na buluu. Kupata dhahabu, badili kijani kiwe asilimia 30 ya haidrojeni na 70 ya oksijeni. Nyekundu itaegemea machungwa na oksijeni itabaki samawati. Panda hadi 40 kwa 60 uone. Ukizidi hapo, picha nzima inageuka manjano.

Ile ya Hubble hasa, iliyojulikana kwa nguzo za nebula M16 zilizopigwa mwaka 1995 na Jeff Hester na Paul Scowen wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, inahitaji gesi ya tatu: salfa, kwenye nanomita 672 hivi. Salfa inawekwa kwenye nyekundu, haidrojeni kwenye kijani, oksijeni kwenye buluu. Kwa macho, salfa na haidrojeni zote ni nyekundu na haziachani. Mpangilio huo unazitenga ili ionekane gesi ipi iko wapi. Kwa hiyo si kudanganya, mradi uandike chini ya picha ni gesi gani iko kwenye rangi gani. Fotometria ya nyota usiitumie kwa picha hizi, haina maana hapo. Lakini piga nusu saa bila filta, usawazishe rangi za nyota za picha hiyo kwa fotometria, na uzirudishe juu ya nebula. Nyota za filta ya bendi mbili hazina rangi ya kupendeza.

*Kilimia hakitoi buluu hata kidogo kwa filta ya bendi mbili. — Msomaji, Tabora*

Ondoa filta. Buluu ya Kilimia haitokani na gesi inayong'aa, ni nuru ya nyota zenyewe inayotawanywa na vumbi ambalo kundi hilo linapita katikati yake, na vumbi hutawanya buluu kuliko nyekundu. Nuru hiyo imeenea kwenye rangi zote. Filta yako inaitupa karibu yote. Subiri usiku usio na mwezi, nenda mbali na taa, kusanya saa tatu hadi nne. Buluu itajitokeza kwanza kuzunguka nyota ya Merope.

*Picha zangu zote zina michirizi ya mshazari kama mvua. — Msomaji, Nairobi*

Kihisi kina pikseli zenye kasoro zisizohama. Anga likitambaa polepole upande mmoja kutoka fremu moja hadi nyingine, programu inapopanga nyota inazihamisha kasoro hizo, na zinaacha mkia. Kutambaa kwenyewe kunatokana na mhimili wa kifaa cha kufuatilia nyota kutoelekea ncha ya anga sawasawa, tatizo zito kwenu: mko latitudo 1.3 kusini, Polaris, nyota ya Kaskazini, haionekani, na mhimili unalala karibu na ardhi. Panga mhimili kwa kuangalia nyota inahamia wapi ndani ya dakika tano, sahihisha, rudia. Muhimu zaidi, kila baada ya fremu mbili au tatu sogeza kamera pikseli 10 hadi 15 upande wowote bila mpangilio, hata kwa vitufe vya mkono. Kasoro zitaanguka mahali tofauti, na upandanishaji wenye kuchuja utazitupa pamoja na mistari ya setilaiti. Kuchuja kunahitaji angalau fremu 15 hadi 20.

*Kwenye kompyuta picha ni nzuri, kwenye simu imefifia na anga limekuwa jeusi tii. — Msomaji, Zanzibar*

Badilisha wasifu wa rangi uwe sRGB kabla ya kuhifadhi; simu na programu nyingi zikikutana na Adobe RGB huififisha. Fanya kazi kwenye TIFF ya biti 16 au 32 na utoe JPEG mwisho kabisa, ubora 90 kwenda juu. Kwenye WhatsApp itume kama dokumenti, si kama picha. Na anga la nyuma liwe kati ya 25 na 30 kwenye kipimo cha 255, kwani likiwa 10 vioo vya simu nyingi hulionyesha kama sifuri, na vumbi lote hafifu ulilokesha kulikusanya linazama humo.